Madigadi ya kaboni kwa joto, unyevu na chumvi ya Unguja

Mafunzo mengi ya kutengeneza vifaa vya pikipiki kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni yameandikwa kwa gereji ya nyuzijoto 20 na hewa kavu. Ukiyafuata hivyo hivyo Unguja au Pemba, epoksi, ile gundi ya kugandisha kitambaa, itakugandia kikopeni, kifaa kitatoka na utando unaonata, na kikishinda juani pale Darajani kitapinda. Kazi hii inawezekana kabisa uani kwako, mradi uipange kwa hali ya hewa ya kwetu.

Anza na madigadi ya mbele, kava la ubavuni au kinga ya cheni. Usukani, rimu na mkono wa breki usiviguse. Kaboni haipindi kwanza ili ikuonye, inakatika ghafla.

Kalibu unaitoa kwenye madigadi ileile ya plastiki uliyonayo. Ioshe kwa sabuni, ziba matundu ya boliti kwa udongo wa kuchezea wa watoto, paka nta ya kalibu mara tano, na kila mara subiri ikauke ndipo uing'arishe. Juu yake paka PVA, kimiminika kinachokauka kuwa utando mwembamba wa kuzuia kushikana. Sasa tazama kingo: madigadi nyingi zimejikunja kwa ndani, na kalibu ya kipande kimoja haitakuachia kifaa. Igawe mara mbili. Simamisha ukuta wa plastiki ngumu katikati ya mgongo, toa nusu ya kwanza, ikishakauka ondoa ukuta, paka nta na PVA kwenye ukingo uliobaki, kisha toa nusu ya pili. Toboa ukingo kwa boliti za milimita 6 kabla hujazitenganisha, la sivyo hazitakutana tena sawasawa.

Vifaa vya kalibu ni vilevile vya mafundi wa boti za faiba: jelikoti (rangi nzito ya tabaka la juu), polista (gundi yake) na mati ya glasi. Jelikoti iwe nene zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa joto letu, gramu 1 ya MEKP, dawa ya kugandisha, kwa kila gramu 100 za jelikoti au polista inatosha. Ukishuka chini ya hapo haikauki vizuri. Tandika tabaka moja ya mati ya gramu 300 kwa mita ya mraba, iache igande, ndipo uongeze tatu za gramu 450. Ukizirundika zote kwa pamoja zinachemka na kalibu inajikunja. Iache wiki nzima na madigadi ikiwa ndani. Vaa miwani, kwa sababu tone la MEKP linaweza kupofusha jicho, na usiichanganye kamwe moja kwa moja na kobalti, dawa ya kuharakisha polista: inaweza kulipuka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabaki na polista hiyohiyo kwa kaboni. Kaboni inataka epoksi. Nunua yenye hadena (dawa yake ya kugandisha) ya taratibu, tena upime kwa mzani wa dijiti, si kwa macho. Nyingi huenda gramu 100 za epoksi kwa 30 za hadena, lakini fuata kopo lako. Epoksi haiharakishwi kwa kuongeza hadena. Ikizidi, kifaa kinabaki laini siku zote.

Kitambaa kiwe cha gramu 200 kwa mita ya mraba, cha mfumo wa mshazari, maana kinalala vizuri kwenye mizunguko. Madigadi ya sentimita 60 kwa 25 ni mita za mraba 0.15, kwa hiyo tabaka nne ni gramu 120 za kitambaa. Kwa kupaka kwa mkono, epoksi iwe uzito huohuo, na gramu 40 juu yake kwa inayobaki kwenye brashi. Bandika selotepu ya karatasi pale utakapokata ili nyuzi zisifumuke.

Kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza muda wa kazi karibu nusu. Epoksi ya dakika 40 kwa nyuzijoto 20 itakupa 20 tu kwa 30. Changanya gramu 60 kwa mara moja, uimwage kwenye trei pana. Ikikaa imerundikana kikopeni inajichemsha yenyewe mpaka itoe moshi.

Paka epoksi ya kwanza kwenye kalibu bila kitambaa, usubiri mpaka ukiigusa inanata lakini haichafui kidole. Ndipo ulaze tabaka ya kwanza, mistari yake ikifuata katikati ya mgongo. Kwenye kona za ndani bonyeza kwa ncha ya brashi mpaka kitambaa kiguse kalibu, la sivyo kinabaki kikining'inia na chini yake panakuwa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoleta vitundu na kumeguka.

Mfuko wa vakyumu, yaani plastiki inayofunika kifaa na kunyonywa hewa, unapunguza vitundu sana, na kompresa ya friji la zamani inafaa kuunyonya. Weka vali kwenye bomba uifunge umeme ukikatika.

Unyevu nao huacha utando kama nta juu ya epoksi. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya msasa, kwani msasa unaueneza tu. Masika usilaze kitambaa kabisa. Miezi mingine anza saa nne asubuhi, umande ukishakauka.

Epoksi iliyokauka kwa joto la chumbani huanza kulegea kwenye nyuzijoto 50 na kitu, na kitu cheusi kwenye jua letu la adhuhuri kinaweza kupita 60. Kwa hiyo kioke kifaa kikiwa ndani ya kalibu: sanduku lenye karatasi ya alumini ndani, balbu za zamani za wati 100 na kipimajoto. Panda nyuzijoto 10 kwa saa hadi 60, ukae hapo saa nane. Kisha msasa wa 400 na vanishi ya magari yenye kinga ya jua, tabaka tatu, maana epoksi tupu inageuka manjano. Msasa uwe wa maji na uvae barakoa: vumbi la kaboni linapitisha umeme na ni baya kwa mapafu.

Mwisho ni boliti. Kaboni ikigusana na alumini au boliti ya zinki kwenye upepo wa chumvi, metali ndiyo inayoliwa. Laza tabaka moja ya kitambaa cha glasi kwa ndani kila panapogusa chuma, tumia boliti za chuma cha pua cha 316 na washa za nailoni pande zote mbili. Tundu liwe pana kuliko boliti kwa nusu milimita, na ukuta wake upakwe epoksi ili maji yasiingie kati ya tabaka.