Kanda tupu, nyimbo zetu

Wale wa enzi za redio kaseti za deki mbili, mnakumbuka raha ya kupanga nyimbo kwenye kanda tupu? Hesabu ilianza dukani. Kanda ya C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45. C120 iliwavutia wengi kwa urefu, lakini utepe wake ni mwembamba mno: unavutika, unajikunja, redio inaumeza. C90 ndiyo ilikuwa kanda ya kweli.

Mwanzoni mwa utepe kuna kipande cha plastiki kisichoshika sauti. Ingiza kalamu ya Bic kwenye tundu la katikati la kanda, zungusha mpaka utepe wa kahawia utokeze, la sivyo wimbo wa kwanza unakatwa kichwa. Kisha bonyeza pozi (pause) kwanza, halafu rekodi na plei kwa pamoja. Wimbo ukianza tu, achia pozi. Ukisimamisha kwa stop kila mara, kati ya nyimbo unabaki mlio wa "tak!".

Kazi kubwa ilikuwa dakika za mwisho. Dansi yenye sebene inaweza kufika dakika nane, na sebene ikikatwa katikati inauma kweli! Andika muda wa kila wimbo kwenye karatasi, ujumlishe, umalizie na kifupi.

Sauti ikififia, futa hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, kwa pamba yenye spiriti, na kile kigurudumu cha mpira pia. Ukimaliza, vunja kijipande cha juu kushoto cha upande uliorekodi, asije mtu akarekodi juu yake. Ukibadili mawazo, ziba tundu lililoachwa na kijipande hicho kwa selotepu.