Barafu changa katikati ya udongo mkongwe

Nimekuwa nikichora upya matabaka ya ardhi iliyoganda, na kila mara mchoro unaanza kubishana na nilichofundishwa. Jiolojia huanza na kanuni ya mwanasayansi Nicolas Steno ya mwaka 1669: tabaka la chini ndilo la zamani, la juu limekuja baadaye. Kwenye miamba mashapo, yaani iliyojengwa na tope na mchanga uliotuama, kanuni hiyo hunitosha. Hata mikunjo ikiyapindua matabaka, mwamba huacha dalili za upande uliokuwa juu, kama vile alama za viwimbi vya maji.

Ardhi iliyoganda ni kaidi zaidi. Kitaalamu ni ardhi yoyote iliyokaa kwenye nyuzijoto 0 za Selsiasi au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo. Barafu si sharti, hata mwamba mkavu umo. Ila penye barafu ndipo mambo yanapokolea.

Kuna kitu kinaitwa kabari ya barafu, na kwa kweli kinafanana na kabari ya kupasulia magogo. Baridi ikizidi, ardhi husinyaa na kupasuka. Ufa huwa mwembamba, lakini hushuka mita kadhaa. Theluji ikiyeyuka, maji huingia humo na kuganda. Baridi nyingine ikija, ufa hufunguka tena palepale, nao uzi mwingine wa barafu huongezeka. Karne zikipita, kabari hupanuka hadi mita nzima na zaidi, imesimama wima udongoni: barafu changa katikati, kongwe pembeni. Umri unasomwa kwa kwenda kando, si kwa kwenda chini! Hapo naokolewa na kanuni nyingine, kwamba kinachokata ni kichanga kuliko kilichokatwa.

Tabaka la juu, linaloyeyuka kila kiangazi, ni vurugu tupu. Kuganda na kuyeyuka hukoroga udongo, mboji ikazama, mawe yakapanda. Sampuli mbili za kina kimoja zinaweza kutoa umri usiolingana hata kidogo. Kaboni ya mnururisho, inayopimwa kujua umri wa mabaki ya viumbe, nayo haifiki mbali, kwani baada ya takriban miaka 50,000 imebaki kidogo mno kupimika.

Ndiyo maana napenda jivu la volkano, ambalo umri wake hupimika kwa njia nyingine. Huko Yukon, Kanada, jivu la miaka kama 740,000 lilikutwa juu ya kabari ya barafu. Basi barafu hiyo ni ya zamani zaidi ya jivu, na imevuka vipindi kadhaa vya joto bila kuyeyuka. Wapo wanaoshika habari hiyo kama kibali cha kutojali ongezeko la joto. Siwaungi mkono. Ustahimilivu wa mahali pamoja hauilindi ardhi yote iliyoganda, ambayo imefungia kaboni takriban mara mbili ya iliyomo angani.

Batagay, Siberia, ardhi imeporomoka na kuacha genge refu linaloonyesha matabaka ya hadi miaka 650,000 hivi. Kwa mtafiti ni neema ya ajabu, na sioni raha kuiita hivyo, maana genge linarudi nyuma kila kiangazi na tabaka lililochorwa leo huenda lisiwepo msimu ujao. Ningepelekwa pale na muda mfupi, ningeanza kutafuta jivu. Mboji ingesubiri.