Ala nane, na kila moja na sauti yake

Nyumbani kwangu kuna ala nane za nyuzi: magitaa manne, udi, mandolini, fidla na ukulele. Zote zinapigwa. Sijawahi kuacha hata moja ikae mwezi mzima bila kuguswa, na kufika hapo kumenichukua miaka kumi ya kununua, kuuza, kutengeneza na kungoja.

Gitaa la kwanza nililinunua kwa macho. Lilikuwa la nyuzi za chuma, rangi yake kama asali iliyokolea, na duara la pambo linalometameta kuzunguka tundu la sauti. Muuzaji alilipiga vizuri mbele yangu, na mimi nikaona sina la kuuliza. Nilipofika nalo nyumbani vidole vikaanza kuniuma. Kordi ya F, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, haikutoka kabisa. Ncha za vidole zilichubuka, zikapona, zikachubuka tena, na kwa miezi minane niliamini kwamba sikuzaliwa na mikono ya gitaa. Nilikaribia kuliweka chini moja kwa moja.

Nilimpelekea fundi kwa sababu nyingine kabisa, ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi ulikuwa umelegea. Yeye hata hakuuangalia ule ufunguo. Alilaza rula ndefu juu ya freti, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, akaisukuma taratibu kuelekea darajani, kwenye kile kibao cha usoni kinachoshikilia nyuzi.

“Unapiga hili kila siku?”

“Napiga, fundi, ila vidole vyangu havina nguvu.”

“Vidole havina kosa. Njoo utazame hapa.”

Shingo ikiwa imekaa sawa, rula ikilazwa juu ya freti inapaswa kupita juu kidogo tu ya daraja. Ya kwangu ilikwenda kugonga ubavu wa daraja, chini sana. Shingo ilikuwa imevutwa mbele. Akapima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12: milimita 5. Gitaa la nyuzi za chuma linalopigika vizuri huwa na milimita 2 hadi 2.5 hapo. Akanieleza kwamba seti ya nyuzi nyepesi za chuma, ikishakazwa, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, na gitaa lisilojengwa vizuri hukubali kukunjwa polepole. Kulirekebisha kungemaanisha kuing'oa shingo, kuichonga upya pale inapoungana na tumbo, kisha kuirudisha kwa gundi, na kazi hiyo ingekuwa na gharama kubwa kuliko gitaa lenyewe.

Siku ile sikuhuzunika hata kidogo. Nilitoka pale kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na gitaa sikulitupa. Fundi alinishauri niziinue nyuzi juu zaidi, nilitumie kwa kutelezesha kijibomba cha chuma juu ya nyuzi bila kuzikandamiza kwenye freti. Kwa upigaji huo nyuzi za juu ni faida. Mpaka leo ni gitaa langu la kutelezesha, na sauti yake inayolia kama mtu anayeita kwa mbali hakuna ala nyingine humu ndani inayoitoa.

Kuanzia hapo nikajifunza kukutana na gitaa kabla ya kulinunua, na nakiri kwamba dakika zile thelathini za kukutana nazipenda karibu sawa na kulimiliki. Kwanza nalishika bila kupiga chochote, nasikia uzito wake. Nachungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikiendelea kutoka juu hadi ndani ya ukingo, uso, yaani kibao cha mbele, ni wa mbao moja halisi, ikikatika na kuonyesha tabaka tabaka, ni mbao za kubandikwa. Kisha nagonga uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, sehemu baada ya sehemu, kama mtu anayechagua tikiti. Ikitokea mahali panatoa mtetemo wa kukereketa, huenda kijiti kimoja cha kuimarisha uso kwa ndani kimeachia. Hapo naingiza kioo kidogo na tochi. Ndani ya gitaa kuukuu kuna ulimwengu wake: vumbi, alama za penseli za aliyelijenga, matone ya gundi yaliyokauka, wakati mwingine kiraka kilichowekwa na mkono wenye subira.

Baada ya hapo nakuja kwenye freti ya 12, iliyo katikati kabisa ya urefu wa uzi. Nagusa uzi juu ya freti hiyo bila kuukandamiza, nautekenya, unatoa sauti nyembamba kama filimbi. Halafu naukandamiza palepale na kuupiga tena. Sauti mbili zinapaswa kulingana. Zikitofautiana kidogo, huenda ni nyuzi zilizochoka au daraja linahitaji marekebisho. Zikitofautiana sana, naaga kwa heshima.

Kilichonibadilisha zaidi ni kisa cha Antonio de Torres, fundi wa Kihispania aliyefariki 1892, ambaye gitaa la klasiki tunalolijua leo limefuata umbo na vipimo vyake. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, uso peke yake ukiwa wa mbao nzuri. Alitaka kuthibitisha kwamba sauti ya gitaa inatoka usoni. Mimi nilikuwa nimezoea kuligeuza gitaa nikasifia mgongo na ubavu, mbao nyekundu zenye michirizi. Nilipojua habari za Torres nikaacha kulipia mgongo. Sasa hela yangu inakwenda usoni, kwenye kibao kile chembamba cha milimita 2 au 3 kinachobeba nyuzi zote na bado kinatakiwa kitikisike kama ngozi ya ngoma.

Gitaa la klasiki nililo nalo nililipata likiwa mgonjwa. Mwenye nalo alikuwa amelifunga nyuzi za chuma. Gitaa la namna hiyo limejengwa kwa nyuzi za nailoni, ambazo mvuto wake ni kama kilo 40 tu, kwa hiyo daraja lilikuwa limeanza kung'oka. Kwa nyuma ungeweza kupenyeza kadi. Watu wawili walilitazama kabla yangu wakaondoka. Mimi niligonga uso: mzima. Nikapima shingo: sawa. Nikajua ugonjwa ni mmoja na unatibika.

Kazi ile niliifanya kwa siku nne, fundi akinisimamia. Tulilipasha daraja joto mpaka gundi ya zamani ikalainika, tukapitisha kisu bapa chini yake, milimita kwa milimita, tukifuata mstari wa mbao tusije tukachana nyuzinyuzi za uso. Lilipoachia lilitoa mlio mdogo, kama mtu anayefungua mdomo baada ya kunyamaza muda mrefu. Nikakwangua mabaki ya gundi mpaka mbao ikaonekana safi pande zote mbili. Tulitumia gundi ya ngozi, ile inayolowekwa na kupashwa kwenye chombo cha maji ya moto, kama nyuzijoto 60, kwa sababu gundi hiyo inaweza kufunguliwa tena kwa joto na unyevu siku fundi mwingine atakapoihitaji. Ukishaipaka una sekunde chache tu kabla haijaanza kuganda. Tukabana kwa vibano vitatu, tukaondoka chumbani, nami sikulala vizuri. Nilipofunga nyuzi za nailoni na kupiga uzi wa tatu peke yake, sauti ilikuwa ya duara, yenye joto, na ikakaa hewani kwa muda nisioutarajia. Hilo ndilo gitaa ninalolipiga usiku wengine wakiwa wamelala.

Ukulele ulikuja kirahisi. Ukibana nyuzi nne nyembamba za gitaa kwenye freti ya 5 unapata sauti zilezile za ukulele, ila uzi wake wa nne umepandishwa oktava moja, sauti ileile lakini juu zaidi. Kwa hiyo vidole vyangu vilijua njia tangu siku ya kwanza. Mandolini nayo ilinifungulia mlango wa fidla. Ina nyuzi 8 kwa jozi nne, na jozi hizo zinatyuniwa G, D, A, E, sawasawa na fidla. Nilipochukua fidla mkono wa kushoto ulikuwa tayari umeshasoma ramani. Mkono wa kulia, wenye upinde, ndio ulioanza darasa la kwanza.

Fidla yangu ina karatasi ndani yenye jina la Stradivari, fundi fidla mashuhuri wa Italia. Ukikutana na karatasi kama hiyo, usipandishe bei wala mapigo ya moyo. Antonio Stradivari alifariki 1737, na viwanda vya baadaye vilibandika jina lake kwenye fidla nyingi mno kuonyesha tu kwamba zimefuata umbo lake. Ya kwangu imeandikwa pia “Made in Germany”. Alama za nchi kwa Kiingereza namna hiyo zilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kutumika 1891, ikitaka bidhaa zionyeshe zilikotoka. Kwa maneno hayo machache nikajua kwa ukaribio umri wake, na muuzaji naye, ambaye hakunificha lolote, akafurahi kujua. Ndani yake kuna kijiti kilichosimama kati ya uso na mgongo bila gundi, kimebanwa tu. Waitaliano na Wafaransa wanakiita roho. Kikisogea hata kwa upana wa ukucha, fidla inabadilika sauti. Nimekishuhudia kikisogezwa, na tangu siku hiyo naona jina hilo linakistahili.

Udi ndio ulionigharimu muda mrefu wa kujifunza kuliko zote. Una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja mnene peke yake, tumbo la mviringo lililounganishwa kwa vipande vyembamba vya mbao, na shingo isiyo na freti hata moja. Kwenye gitaa freti inakusamehe; ukikanyaga karibu na mahali pake sauti inatoka safi. Kwenye udi kidole chenyewe ndicho freti. Nilikaa miezi mitano nikipiga ngazi moja tu ya sauti, polepole, risha ya kupigia nyuzi mkononi, nikisikiliza. Sikio langu likanoleka kiasi kwamba niliporudi kwenye gitaa nikaanza kusikia kasoro za utyuni ambazo awali zilinipita. Ningekuwa mtu wa kumshauri mkusanyaji mpya, ningemwambia atafute ala moja isiyo na freti mapema.

La umeme ninalo moja, na sina mengi ya kulieleza. Shingo yake imefungwa kwa skrubu nne kwa mtindo ambao Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, aliueneza kuanzia 1950, na uzuri wake ni huo: ikiharibika unaifungua jikoni ukairekebisha mwenyewe.

Katikati ya safari hii nilinunua magitaa mengine matatu na nikayauza. Yalikuwa mazuri. Tatizo ni kwamba kila nilipoyachukua nilisikia sauti ambayo tayari ninayo. Nikajiwekea sharti: ala mpya lazima inipe sauti niliyoikosa, au iichukue nafasi ya nyingine. Sharti hilo limeniokoa mara nyingi mbele ya rangi nzuri. Nina sharti jingine pia, la mbao. Baadhi ya magitaa ya zamani yana mgongo wa mbao ya Brazil iitwayo Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu, na tangu 1992 biashara yake kuvuka mipaka inazuiwa vikali na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Gitaa la namna hiyo lisipokuwa na karatasi zake silinunui, hata likiimba vipi.

Kutunza hakunichukui muda. Kipima unyevu kimoja kidogo, na najitahidi kisome kati ya asilimia 45 na 55. Hewa ikikauka mno, ncha za freti huanza kukwaruza kiganja kwa sababu mbao imesinyaa. Ikilowa mno, uso unavimba na nyuzi zinapanda. Mkono unajua kabla ya kipimo.

Ala ya nane ni gitaa, nami nililingoja miaka minne. Nilitaka la nyuzi za chuma, dogo la tumbo, uso wa sprusi, mbao ya jamii ya msonobari, lenye sauti ya kuongea na si ya kupaza. Nilikataa kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa na mikwaruzo kila mahali, na karibu na tundu rangi ilikuwa imelika na kucha za mtu aliyelipenda kwa miaka mingi. Rula ikapita juu ya daraja. Freti ya 12 ikalingana. Nikagonga uso, ukajibu kote. Ndipo nikapiga kordi moja, G, nikaiacha ife yenyewe, nikaona nimeshika pumzi.

Asubuhi iliyofuata niliketi nalo kwenye mkeka, nikalifunga nyuzi mpya. Nilipoufikia uzi wa nne nikaukaza polepole kuelekea D, nikiupiga na kuusikiliza. Ulipofika, nikaushika kwa kiganja kuunyamazisha. Chumba hakikunyamaza. Ukutani, upande wa pili, nyuzi pacha za D za udi zilikuwa zikivuma zenyewe.