Kaa wa Jamaika na Kisima cha Kwenye Majani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii ni Zaburi ya 104, mstari wa 27 na 28: viumbe vyote humngoja Mungu awape chakula kwa wakati wake, akifumbua mkono wake, hushiba.

Nimeitafakari mistari hiyo nikimfikiria kaa mdogo wa Jamaika, mwenye upana wa sentimita mbili hivi. Makao yake hayako baharini wala mtoni. Anaishi msituni, ndani ya bromelia, mmea wa ukoo mmoja na nanasi. Mvua ikinyesha, maji hutuama pale majani yake yanapokutana, na humo ndimo kaa jike huwaachia wanawe.

Maji hayo yakiachwa yalivyo, watoto hufa. Majani makavu huanguka na kuozea humo, oksijeni inapungua, asidi inazidi. Basi mama anaingia kazini. Anayatoa yale makavu, jani kwa jani, na kuyatupa nje. Anatafuta makombe matupu ya konokono na kuyatumbukiza majini: yanapunguza asidi, tena yanawapa watoto madini ya kujengea magamba. Watoto wa kereng'ende, ambao wangewala wanawe, anawaua. Kisha anawaletea wanawe jongoo na mende wapate kula. Kazi hiyo huiendeleza wiki baada ya wiki.

Naliamini neno la Zaburi hii lote. Nikijiuliza mkono huo wa Mungu unafumbukaje pale kwenye jani, namwona mama amebeba kombe la konokono. Aliyempa kisima ndiye aliyempa na moyo wa kukisafisha, na siwezi kuliita jambo hilo bahati.

Wapendwa, kwetu wapo bibi wanaolea wajukuu peke yao, na mabinti wanaoamka usiku kumgeuza baba mgonjwa kitandani. Tumezoea kuwaombea Mungu awatunze, tukaishia kwenye "Amina". Jumapili hii, ibada ikiisha, tukawapigie hodi. Mmoja afue mashuka, mwingine achote maji, na mwingine akae na mgonjwa hadi jioni ili binti apate kulala.