Ngoma zangu zilivyopata wasikilizaji Mastodon bila algorithimu

Mi ni msanii wa kujitegemea, sina lebo wala meneja, narekodi mwenyewe namiksi mwenyewe, na kwa muda sasa kila ngoma mpya naianzishia kwenye ile mitandao isiyomilikiwa na kampuni moja, Mastodon hasa (ya posti fupi, inafanana na Twitter), alafu PeerTube kwa video. Naandika hii manake naona wasanii wanafungua akaunti huko, wanatupa linki moja, wanakuta kimya, wanasepa, na inaniuma kwa sababu wasikilizaji wapo kabisa na wana njaa ya muziki.

Kwanza ujue inavyoenda. Kuna seva nyingi, yaani kompyuta zinazobeba akaunti za watu, kila moja ina mtu au kikundi chake kinachoiendesha, na zote zinaongea kwa itifaki moja (lugha ya pamoja ya mashine) inaitwa ActivityPub ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, waliipitisha rasmi 2018, yaani ni kama imeili tu, wewe uko kwenye seva yako mi kwenye yangu na bado unanifuata. Hata mtu wa Mastodon anaweza kufuata chaneli yangu ya PeerTube bila kufungua akaunti nyingine, video ikitoka anaiona hukohuko alipo na akijibu komenti yake inakuja kukaa chini ya video. Kwa msanii hii ni kubwa sana, simlazimishi shabiki ahamie popote.

Sasa kitu kinachowashinda wengi ni hiki: kule kwenye taimulaini yako posti zinashuka kwa mpangilio wa muda, hakuna mashine ya kukusukuma kwa watu. Mtu akikupa nyota ni asante tu, ngoma haiendi mbali. Inasafiri akiiboosti, yaani akiisambaza kwa wafuasi wake. Na wageni wanakupata kwa hashitagi, tangu 2022 mtu anaweza kufuata hashitagi yenyewe kama anavyofuata akaunti, kwa hiyo posti yangu haikosi hashitagi ya aina ya muziki na ya ala niliyopiga, na kila neno ndani ya hashitagi naanza na herufi kubwa ili programu za kuwasomea wasioona ziitamke vizuri. Kava ya ngoma pia naiandikia maelezo, sio "kava" tu, naeleza kilichopo pale. Watu wa kule wanajali hilo kwa dhati, wapo wasioboosti picha isiyo na maelezo hata wakipenda wimbo, na mi nakubaliana nao kabisa.

Linki tupu haifanyi kazi. Mi naaploadi kipande cha sauti ndani ya posti yenyewe, sehemu ile tamu, mtu anabonyeza anasikia palepale, linki ya wimbo mzima inakaa chini. Faili ya FLAC, ile ya sauti isiyopunguzwa ubora, inapokelewa ila Mastodon inaigeuza MP3, kwa hiyo ile ni ya kuonjesha tu. Alafu kumbuka nafasi ya kuhifadhi sauti inalipiwa na mwenye seva, mara nyingi kwa michango ya watumiaji, soma kanuni zao kwanza wengine hawataki akaunti za matangazo matupu, na ukipata chochote changia.

Ila kilichonipa wasikilizaji wa kweli ni maongezi. Naposti besi nimeirekodi vipi, kwa nini nimeondoa dramu nzito kwenye kibwagizo, nauliza watu wao wangefanyaje, nasikiliza kazi za wenzangu na naziboosti nikiwa nimeandika nilichokipenda. Hapo ndo mtu mmoja aliniuliza kuhusu biti fulani, tukabadilishana faili za kila ala, ikazaliwa kolabo, na wafuasi wake wakaja kunisikiliza wakiwa tayari wananiamini kwa sababu yake. Tangazo halikupi hiyo.

Pesa: hakuna malipo ya kila ukisikilizwa, usiende na hesabu hiyo. Mi nauza dawnload kwenye tovuti yangu na posti zote zinarudisha watu pale. Kuna programu ya bure inaitwa Faircamp, unaipa folda za nyimbo zako inakutengenezea tovuti nzima yenye pleya, haina databesi, unaiweka kwenye hosti yoyote ya kawaida. Ukiwa na tovuti, weka linki yake kwenye profaili na kwenye tovuti weka linki ya kurudi kwenye profaili yako yenye rel="me" (kikodi kidogo ndani ya linki kinachosema ukurasa huo ni wako), linki ya tovuti kwenye profaili itageuka kijani kuonyesha kwamba ni wewe kweli, na hakuna anayelipia alama hiyo.

Na hii tovuti ndo bima yako, manake seva zinafungwa. Mastodon inakuruhusu kuhama na wafuasi wako lakini posti za zamani hazihami, na lazima uhame seva ya zamani ikiwa bado inapumua. Kwa hiyo dawnloadi nakala ya posti zako mara kwa mara, na wimbo halisi usiuache ukae kwenye seva ya mtu peke yake.