Kumlisha mtoto mkila hotelini: agizeni mchemsho, chumvi itiwe mezani

Mtoto aliyeanza chakula cha nyongeza, yaani wa miezi 6 na kuendelea, anaweza kula vizuri kwenye hoteli ya kawaida ya Dar au Moshi bila kubebewa hotpoti kutoka nyumbani. Kinachoharibu ni chumvi, pilipili na kiungo cha paketi, ambavyo huingia sufuriani mapema na havitoki tena. Mtoto wa chini ya mwaka hatakiwi kuvuka gramu 1 ya chumvi kwa siku nzima. Wali wa hotelini umeshatiwa chumvi na mafuta, maharage yameshaungwa, na supu mara nyingi ndiyo yenye chumvi kuliko vyote.

Ndiyo maana mchemsho ni chaguo zuri kuliko yote: viazi, ndizi, karoti, kabichi na kuku au samaki, na hoteli nyingi huupika baada ya mteja kuagiza. Mwambieni mhudumu kabla sufuria haijabandikwa: "Tunaomba bila chumvi, pilipili wala kiungo, tutajitilia mezani." Wakubwa watakamua ndimu na kunyunyiza chumvi kwenye sahani zao. Ulizeni pia kama kuku alishachemshwa asubuhi, kwa sababu akishachemshwa huwa na chumvi tayari. Jibu likiwa ndiyo, mtoto apate viazi na karoti vilivyochemshwa peke yake, pamoja na yai la kuchemsha lililoiva hadi kiini kigumu. Ugali nao kwa kawaida hausongwi na chumvi, ila mkavu humganda mtoto kooni, hivyo ulainisheni kwa mchuzi wa mchemsho usiotiwa chumvi.

Pondeni kwa uma kwenye bakuli safi. Viazi vina tabia ya kupoa nje huku ndani vikiunguza, kwa hiyo pondeni kwanza, subirini kidogo, kisha mwonje. Kuku wa kienyeji ana nyuzi ngumu: mchambueni, halafu mkate nyuzi zile kwa kukingama, vipande vidogo sana, mkoroge na mchuzi. Mtoto wa miezi 6 anayeanza hula vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo, kisha huongezewa polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250.

Samaki anahitaji subira zaidi. Wa kukaanga hukatwa mistari ubavuni ili chumvi na pilipili zipenye, kwa hiyo kubandua ngozi peke yake hakutoshi. Kwa samaki wa kuchemsha, chukueni mnofu mnene wa mgongoni, juu ya uti, unaoachia vipande vikubwa. Acheni wa tumboni, ndiko iliko miiba myembamba ya mbavu. Kila kipande kifikicheni katikati ya kidole gumba na cha shahada kabla hakijaingia kwenye bakuli la mtoto. Mwiba ambao jicho halikuuona, kidole kitaugundua.

Chakula kikichelewa, na kuku wa kienyeji huchelewa kweli, parachichi zima ambalo halijakatwa ndiyo akiba bora ya kwenye mkoba. Kwa kinywaji, maziwa ya mama yanatosha, na maji kidogo yaliyochemshwa. Chai hapana, hata ya maziwa, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Juisi yenye barafu nayo hapana, kwa kuwa hamjui maji yake yametoka wapi. Asali isiguswe kabla ya mwaka 1.

Anayetumia maziwa ya kopo asitegemee maji ya moto ya hotelini. Unga wa maziwa unaweza kuwa na vijidudu, na maji ya kuukorogea yasipungue nyuzi 70, wakati yale ya hotelini pengine ni ya uvuguvugu tu. Bebeni maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai iliyojazwa hadi juu, na unga uliopimwa kwenye kikopo kikavu. Korogeni mezani, poozeni chupa ya mtoto ndani ya bakuli la maji baridi yasiyofika shingoni, dondosheni tone kwenye kifundo cha mkono. Zikipita saa mbili tangu kukorogwa, mwageni.

Mtoto akae wima, mbali na njia ya wahudumu wanaobeba supu na mbali na moshi wa nyama choma. Kiti cha mtoto kisicho na mkanda kiacheni, apakatwe na mtu ambaye hali chakula cha moto wakati huo. Karanga nzima na zabibu nzima zisikae anapofikia mkono wake.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa sauti, mwacheni akohoe. Akinyamaza, hawezi kulia wala kupumua, na hajafika mwaka, mlazeni kifudifudi juu ya mkono wenu, kichwa kikiwa chini, mpigeni mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kilichomkwama kisipotoka, mgeuzeni chali mkandamize kifua mara 5 kwa vidole viwili, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudieni hivyo huku mwingine akitafuta msaada. Msiingize kidole kinywani kwa kubahatisha, kinaweza kusukuma kipande ndani zaidi.

Kilichobaki kwenye bakuli la mtoto kisifungwe kwenda nacho nyumbani, kijiko chenye mate kimeshapita humo.