Bafu Lisilo na Kizingiti Huanzia Chini ya Vigae

Mtu anayepanga bafu la wazi, yaani lile ambalo sakafu yake huendelea moja kwa moja kutoka mlangoni hadi chini ya bomba la mvua bila kizingiti wala beseni, kwa kawaida huanza kwa kuchagua rangi ya vigae. Mimi ningemshauri aanze kwa kuuliza maji yatapita wapi, kwa sababu kizingiti alichokiondoa ndicho kilichokuwa kikiyazuia, na sasa kazi hiyo imeiangukia sakafu.

Mteremko unaofaa ni wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Ukipungua, maji hutuama. Ukizidi, mguu huteleza na kiti cha kuogea huyumba. Mteremko huo hutengenezwa kwenye tabaka la saruji lililo chini ya vigae, wala haufai kubahatishwa kwa kuongeza gundi hapa na kupunguza pale. Katika nyumba inayojengwa upya, zege la sehemu ya bafu hushushwa tangu mwanzo. Katika nyumba iliyokwisha kujengwa, hasa ghorofani, huenda ikabidi sakafu ya bafu iinuliwe, na hapo hubaki tofauti ya kimo mlangoni. Asije fundi akakushawishi kuchimba zege linalobeba nyumba kabla mhandisi hajalitazama.

Tundu likiwa katikati, sakafu hulazimika kuteremka kutoka pande nne, jambo linalodai vigae vidogo, kwa kuwa vikubwa havikunjiki. Napendelea mfereji mwembamba ulionyooka kando ya ukuta, kwani sakafu huinamia upande mmoja tu na hata kigae kikubwa hukaa vizuri, ingawa nakiri kwamba vigae vidogo, kwa wingi wa mianya yake, huupa mguu mshiko bora zaidi. Vyovyote iwavyo, tundu lazima limeze maji haraka kuliko yanavyomwagika: bomba la mvua la kawaida hutoa lita 8 hadi 12 kwa dakika, na yale mapana ya darini huweza kutoa zaidi ya hapo.

Sehemu ambayo singekubali ipunguziwe fedha ni utando wa kuzuia maji. Vigae na saruji inayojaza mianya yake havizuii maji peke yake. Unyevu hupenya taratibu, na dari ya chumba cha chini ndiyo hutoa taarifa. Utando huo ufunike sakafu nzima na kupanda ukutani, na pale panapoogewa ufike angalau usawa wa kichwa cha bomba la mvua, huku kona na matundu ya mabomba yakiimarishwa kwa mkanda maalumu. Kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa, tundu lizibwe, sakafu ijazwe maji ya kina cha sentimita chache, na yaachwe kwa saa 24. Fundi anayeona jaribio hilo ni usumbufu anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Kuhusu nafasi, sentimita 90 kwa 90 humtosha mtu kuoga, lakini bila kioo cha kukinga, matone hufika chooni na kwenye taulo. Kioo kiwe kile kilichoimarishwa kwa joto, na koki iwekwe karibu na pa kuingilia, ili mtu aifungue bila kumwagikiwa na maji ya baridi. Dirisha au feni ya kutolea hewa haihitaji mjadala.

Yapo pia mambo ya miaka ijayo. Vishikio vya ukutani, vile vya kujishikilia mtu asianguke, vinaweza kusubiri, ila ukuta mwepesi wa mbao au jasi uimarishwe kwa ubao nyuma ya vigae mapema, kati ya sentimita 80 na 95 kutoka sakafuni, na eneo hilo lipigwe picha likiwa bado wazi, vipimo vikiandikwa, ili atakayetoboa baadaye ajue ubao uko wapi na bomba limepita wapi.